Vidole vinacheza, kumbe mkono umevunjika

Swali: "Daktari, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 9 alianguka kutoka kwenye mwembe akatua kwa kiganja. Mkono ulivimba juu kidogo ya kifundo, lakini vidole alikuwa anavichezesha, kwa hiyo majirani wakasema umeteguka tu. Babu yake akataka apelekwe kwa mzee anayeunga mifupa, akandwe kwa maji ya moto. Mimi nikamfunga kwa rula mbili na kipande cha kanga, nikakaza ili usicheze. Usiku alilia sana, vidole vikawa vimevimba na vya baridi, nikalegeza. Kesho yake hospitali ya wilaya walipiga picha: mifupa yote miwili imevunjika. Sasa amefungwa plasta. Ningejuaje siku ile? Na je, kumfunga kwangu kulimharibu? Babu bado anasema tungemkanda angekuwa ameshapona."

Pole sana, dada, na mfikishie kijana pole yangu. Barua yako ina maswali mawili na mvutano mmoja wa kifamilia. Nitajibu vyote, ila nianze na lile linalokunyima usingizi. Ulikaza mno, ni kweli, lakini ulilegeza usiku uleule, na hapo ulifanya jambo la maana sana. Kama leo anavikunja na kuvinyoosha vidole vyote vitano bila maumivu makali, na ukimgusa ncha ya kila kidole huku amefumba macho anakutajia ni kipi, basi ile kanga haikumwachia dhara. Nitaeleza baadaye kwa nini vidole vilipoa.

Kuhusu kujua siku ile: kwa hakika usingejua, wala hakuna mtu pale chini ya mwembe ambaye angejua. Mkono ukiwa umevimba bila kupinda, hata daktari wa mifupa anaomba eksirei kabla ya kutamka. Ila kabla picha haijatoka, yeye anauchukulia kuwa umevunjika, na wewe fanya hivyohivyo. Ukimfunga banzi, yaani kitu kigumu cha kuutuliza mkono kama zile rula zako, mtoto aliyeteguka tu, hujampotezea kitu. Mkono umepumzika na maumivu yamepungua. Ukimwacha aliyevunjika aendelee kuutumia mkono kwa sababu majirani wamepiga kura, vipande vinaweza kuachana, na mvunjiko ambao ungetosha kufungwa plasta ukaishia chumba cha upasuaji.

Sasa ile hoja ya vidole. Naisikia mara kwa mara na naelewa inakotoka: watu wanadhani kilichovunjika hakiwezi kucheza. Lakini misuli inayokunja vidole haiko kwenye vidole, sehemu kubwa yake iko huko juu, kwenye mnofu ulio chini ya kiwiko, nayo huvivuta vidole kwa kano ndefu zinazopita juu ya mifupa hadi kiganjani. Jishike chini ya kiwiko kisha ukunje ngumi, utausikia mnofu ukicheza chini ya mkono wako. Mfupa ukivunjika njiani, misuli bado ipo, kano zipo, mishipa ya fahamu ipo. Vidole vitacheza, ila kwa maumivu. Na mguu ni vivyo hivyo: ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, sambamba na muundi, hubeba sehemu ndogo tu ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu anaweza kuuvunja na bado akachechemea hadi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa watoto kuna la ziada. Mfupa wa mtoto unanyumbulika kuliko wa mtu mzima, na utando unaoufunika ni mnene zaidi. Ukipata kishindo, mara nyingi haukatiki vipande viwili. Hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama tawi bichi la mpera ukijaribu kulivunja. Wakati mwingine hufinyika tu na kutoa nundu ndogo juu ya kifundo. Hakuna mlio, hakuna mkono uliopinda wa kuonyesha watu, na baada ya saa moja mtoto anaweza kutaka kurudi kucheza. Kuanguka na kutua kwa kiganja ndiko kunakovunja mikono ya watoto wengi, na mahali hapo juu kidogo ya kifundo ndipo panapovunjika kuliko pengine popote utotoni. Tena karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna tabaka laini ambalo ndilo mfupa unarefukia. Likiumia bila kugunduliwa, mfupa unaweza kukua kombo au kuacha kurefuka. Kwa hiyo mtoto anayeumwa mfupa karibu na kiungo, kauli ya "ameteguka tu" isubiri picha.

Dalili ninayoithamini kuliko zote haionekani kwa macho. Mkalishe mtoto, mwambie aonyeshe kwa kidole kimoja mahali panapouma. Kisha wewe anza mbali na hapo, ukibonyeza taratibu kwa ncha ya kidole huku ukiufuata mfupa wenyewe. Akiruka ukifika sehemu moja ndogo juu ya mfupa, ukarudia naye akaruka palepale, shuku mvunjiko. Halafu linganisha mikono yote miwili penye mwanga: upi umepinda, upi umefupika, upi una nundu au bonde ambalo mwenzake hana. Uvimbe uliokuja upesi na damu iliyovilia chini ya ngozi vinaongeza shaka. Vilevile mtoto anayeubeba mkono wake kwa mkono wa pili na hataki mtu ausogelee. Aliyesikia mlio wakati wa kuanguka asipuuzwe. Asiyesikia hajathibitisha lolote. Ile sauti ya mifupa kusagana ipo kweli, lakini usiitafute, maana kuutikisa mkono ili uisikie ni kuzichokonoa nyama na mishipa kwa ncha za mfupa. Na ukiambiwa "ni ufa tu", ufa nao ni mvunjiko, isipokuwa vipande havijaachana.

Kwa kifundo cha mguu kuna kipimo kizuri kilichochapishwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na hakihitaji mashine. Bonyeza ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje, sentimita 6 za mwisho kuelekea chini. Pakiuma kwenye mfupa, au kama mtu hakuweza kupiga hatua 4 mara baada ya kuumia na bado hawezi, anahitaji eksirei. Kuchechemea kunahesabika kuwa ni kutembea. Hakipo kipimo cha kuaminika namna hiyo kwa mkono wa mtoto ambacho ningekukabidhi utumie nyumbani, ndiyo maana nasema funga kwanza, picha baadaye.

Twende kwenye kufunga. Banzi lina kazi moja, kuzuia ncha za mfupa zisicheze. Haliungi mfupa wala halinyooshi. Kila ncha zinaposogea, misuli hushtuka na kuvuta, damu huvuja zaidi, na mishipa iliyo jirani inaweza kuchomwa. Ukiwa umetulia, maumivu hushuka sana hata kabla ya dawa. Ukimfunga mtoto akanyamaza, ujue umefunga vizuri.

Wazo lako la rula lilikuwa zuri, ila rula peke yake hazikutosha. Ili mfupa utulie, kiungo kilicho juu yake na kilicho chini yake lazima vitulie. Kwa mwanao, banzi lingeanzia kwenye kiganja na kupita kifundo hadi karibu na kiwiko, na kiwiko chenyewe kikazuiwa kwa kuuning'iniza mkono shingoni kwa kanga na kuufunga kifuani kwa kitambaa cha pili. Ukikosa ubao, boksi gumu lililokunjwa mara mbili tatu linafanya kazi vizuri kuliko rula, kwa sababu unaweza kulikunja likaushika mkono pande tatu. Gazeti nene au kitabu cha jalada laini navyo vinafaa. Ukikosa vyote hivyo, mwili wa mgonjwa ni banzi: mkono hufungwa kifuani, mguu hufungwa na mwenzake, kidole na jirani yake.

Kabla ya kufunga, vua bangili, pete, saa na uzi wowote ulio mkononi. Baada ya saa mbili hutaweza kuvitoa bila kuvikata. Tazama rangi ya vidole, uliza kama anahisi ukivigusa, mwambie avichezeshe, ili ujue vilikuwaje kabla hujafanya chochote. Tandika kitu laini kati ya banzi na ngozi, hasa penye mfupa uliochomoza. Funga mkono jinsi ulivyoukuta. Ukiwa umepinda, acha upinde na ulifuatishe banzi kwenye hiyo kona. Kuunyoosha ni kazi ya hospitali, baada ya dawa ya maumivu. Mafundo yakae juu na chini ya mahali panapouma, yasikae juu ya mahali penyewe, na vidole vyote vibaki nje uvione. Kila fundo liruhusu kidole chako kupenya chini yake. Halafu rudia ukaguzi ule wa mwanzo. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, legeza. Ukishafunga, kagua kila baada ya dakika 10 au 15 hadi mfike kwa mtaalamu.

Nasisitiza ukaguzi kwa sababu banzi lililokuwa sawa saa nne asubuhi linaweza kuwa kitanzi saa nne usiku, na ndicho kilichompata mwanao. Uvimbe haumaliziki siku ya kuumia. Huendelea kuongezeka kwa siku moja au mbili. Misuli ya mkono na mguu imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Damu na maji vikijaa humo, huku nje kanga imekaza, shinikizo hupanda mpaka damu mpya inashindwa kuingia. Baada ya saa 4 hadi 6 za hali hiyo misuli huanza kufa, na misuli iliyokufa hugeuka kovu linalovuta vidole vikabaki vimekunjwa milele. Daktari wa upasuaji wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alilieleza tatizo hili mwaka 1881, akalihusisha na bendeji zilizokazwa mno. Mpaka leo tunaliona.

Dalili yake ya kwanza ni kilio kama kile ulichokisikia usiku: maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyotulizwa na dawa, na yanayokuwa makali sana mtu mwingine anapovinyoosha vidole vya mgonjwa taratibu. Ganzi na vidole vya baridi hufuata. Mapigo kwenye kifundo hupotea mwishoni kabisa, kwa hiyo usijifariji kwa kuyasikia. Ukiona hivyo legeza kila kitu mpaka kwenye ngozi, ushikilie mkono usawa wa moyo, na uanze safari usiku huohuo. Sheria hiyohiyo ni ya plasta aliyo nayo sasa. Akilia hivyo akiwa na plasta, msisubiri tarehe ya kliniki; rudini hospitali saa yoyote plasta ipasuliwe. Hakuna daktari mwenye akili zake atakayewagombeza kwa hilo.

Nije kwa babu, kwa heshima zake. Wazee wanaounga mifupa hawakupata sifa bure. Mifupa mingi huungana yenyewe ikitulizwa, na mabanzi ya mianzi wanayotumia yanatuliza kweli. Wako karibu, hawana foleni, na mtu anaweza kuwalipa kidogokidogo. Nisingekuwa mkweli nikijifanya hayo si kitu kwa familia iliyo mbali na hospitali. Linalonifanya nikatae ni mambo mawili ambayo mara nyingi huja pamoja na hayo mabanzi. Moja ni kukaza mno, ambako nimeshaeleza kunakofikisha. Wapo watoto waliokatwa mikono kwa sababu hiyo. La pili ni huko kukanda. Maji ya moto hutanua mishipa ya damu wakati ambao unataka ivuje kidogo iwezekanavyo. Mikono inayokanda huvisogeza vipande, na huvunja lile donge la damu ambalo ndilo mwanzo wa kuungana, kwa sababu mfupa mpya huanza kujengwa humo. Kwenye kiwiko, kukanda kunaweza hata kusababisha mfupa kuota ndani ya misuli, na kiwiko kikagoma kukunjika. Kama ni lazima kuweka kitu, weka cha baridi: barafu au maji ya baridi kwenye mfuko uliofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha ngozi.

Babu ana hoja moja iliyojificha. Mifupa ya watoto huungana haraka, na hata ikiungana na kona ndogo hujirekebisha kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo huenda amewaona wajukuu wengi waliokandwa wakapona. Lakini kuungana haraka kunakata pande zote mbili: kwa mtoto wa miaka 9, baada ya siku 10 hivi mfupa uliokaa vibaya huwa umeanza kushika, na kuurudisha mahali pake kunakuwa kugumu zaidi. Na mfupa uliozunguka kama mtu anayekamua nguo haujirekebishi hata mtoto akiwa mdogo. Mwambie babu kazi yake ipo, na ni kubwa: awe mlinzi wa plasta, asiruhusu kijana apande mti tena mpaka daktari aseme.

Safari yenu ilikuwa ya kesho yake, na kwa mkono uliofungwa, ambao maumivu yametulia na vidole vimerudi kuwa vya joto bila ganzi, kungoja kuche si kosa. Kuna hali ambazo hazingoji. Mfupa ukitoka nje, au kukiwa na kidonda chochote juu ya mahali palipovunjika hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, uchukulie kuwa mvunjiko wazi: kandamiza panapovuja damu, funika kwa kitambaa safi, usirudishe mfupa ndani, usitie dawa ya majani wala kinyesi cha ng'ombe. Anahitaji antibayotiki mapema iwezekanavyo na kinga ya pepopunda. Kiwiko cha mtoto kilichovimba baada ya kuanguka nacho ni cha haraka, kwa sababu mshipa mkuu wa damu wa mkono unapita mbele yake hapohapo. Usimlazimishe kukikunja ili kiingie kwenye kanga, kifunge kilivyo. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja ya damu au zaidi inaweza kupotelea ndani bila tone kuonekana nje. Mgonjwa alazwe, afunikwe, asinyanyuliwe kukalishwa. Mzee aliyeteleza bafuni, mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umelala nje, amevunjika nyonga mpaka ithibitike vinginevyo.

Na aliyeanguka kutoka juu sana au kugongwa na gari, akilalamika shingo, mgongo au ganzi miguuni, asisogezwe ovyo kwa ajili ya mkono uliovunjika. Pumzi na damu inayomwagika vinakuja kwanza, banzi baadaye. Mwenye mkono uliofungwa vizuri na fahamu kamili anaweza kukaa kwenye bajaji au daladala. Aliyevunjika mguu msimpakie bodaboda katikati ya watu wawili kama inavyofanyika; tafuteni gari hata la mzigo alazwe.

Njiani mpe parasetamoli, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 6, kwa funda la maji. Aspirini msimpe mtoto. Chakula kisubiri mpaka aonekane, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi ili mkono unyooshwe, na tumbo lililoshiba linachelewesha hilo kwa saa kadhaa. Ukifika zahanati isiyo na eksirei usione umepoteza muda: watakagua vidole, watarekebisha banzi, watakupa dawa na barua ya rufaa.

Kwa sasa, mkono ukae juu ya mto usawa wa moyo au juu zaidi kwa siku 2 au 3 za mwanzo, na vidole avichezeshe kila saa akiwa macho. Plasta ya jasi huchukua hadi siku 2 au 3 kukauka kabisa, kwa hiyo isilaliwe ubavu wala isilowe. Akiwashwa ndani ya plasta, asichomeke kijiti. Mkwaruzo mdogo humo hugeuka kidonda kisichoonekana. Harufu mbaya au unyevu unaotokea kwenye plasta ni sababu ya kurudi siku hiyohiyo. Mifupa miwili ya mkono kwa umri wake huhitaji plasta wiki 4 hadi 6 kwa kawaida, na baada ya kutolewa bado ni dhaifu kwa wiki kadhaa. Mpira na miti visubiri. Na kama hamkupangiwa picha ya pili wiki ya kwanza, ombeni. Uvimbe ukipungua plasta hulegea, vipande vinaweza kuteleza humo ndani bila mtoto kulalamika, na vikigunduliwa kabla ya siku ya 10 bado ni rahisi kuvirudisha.